Kumrudisha Mtoto Mikononi mwa Mlezi: Mwongozo wa Tiba ya Michezo Baada ya Kiwewe

Mtoto aliyepitia jambo la kutisha huletwa kwa mtaalamu akitanguliwa na orodha ya makosa yake: anakojoa kitandani ilhali alikwisha acha, anapiga wenzake, hataki kulala peke yake, anadanganya hata pasipo sababu, anajificha chini ya meza kila mlango unapogongwa kwa nguvu. Watu wazima wanaomleta huomba atengenezwe, kana kwamba kuna kifaa kilicholegea ndani yake. Mwongozo huu unamlenga mshauri nasaha, ofisa wa ustawi wa jamii, na pia mzazi au mlezi anayefanya kazi pamoja na mtaalamu, na msimamo wake ni huu: katika tiba ya michezo inayojengwa juu ya muunganiko, kinachotibiwa ni uhusiano kati ya mtoto na mtu mzima anayemlea. Mtaalamu akiifanya kazi hii vizuri, mtoto atamaliza tiba akimkimbilia mlezi wake zaidi kuliko anavyomkimbilia mtaalamu.

Muunganiko, na namna kiwewe kinavyouvuruga

Muunganiko ni kile kifungo kinachomfanya mtoto amtafute mtu fulani, na si mtu yeyote tu, anapoogopa, anapoumwa au anapochoka. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama, alishikilia kuwa haja hiyo haitokani na chakula peke yake, bali ni haja ya kulindwa ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mwenzake, Mary Ainsworth, aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955, akawatembelea nyumbani kina mama 26 na watoto wao wachanga, akakaa, akatazama. Aliona jambo ambalo yeyote aliyelea analijua bila kulipa jina: mtoto anayemwamini mama yake hutambaa akaenda mbali kuchunguza, hugeuka kumtazama kama bado yupo, hurudi akitishika, hutulizwa, kisha huondoka tena. Mama ni mahali pa kuondokea na vilevile ni mahali pa kukimbilia.

Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na jambo la kutisha, huukata mzunguko huo, na ni muhimu kujua umekatwa wapi. Wakati mwingine hatari hutoka nje, kama vile vita, ajali, moto au kifo cha ghafla, na mtoto hubaki na mlezi mwema ambaye hata hivyo hakuweza kuizuia. Hapo kinachovunjika ni imani kwamba mtu mzima ana uwezo wa kulinda. Wakati mwingine hatari hutoka kwa mlezi mwenyewe, na hapo mtoto hujikuta katika hali isiyo na mlango: anayepaswa kumkimbilia ndiye anayemkimbia. Mtoto wa namna hii anaweza kusogea akiwa amegeuza uso, au kuomba kubebwa na papo hapo kuanza kupiga mateke. Huo si ukorofi, bali ni amri mbili zinazopingana zikitolewa kwa wakati mmoja ndani ya mwili mdogo.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwili wa mtoto aliyejeruhiwa huishi katika mshtuko huo: hupigana, hukimbia, au huganda akawa kama hayupo. Anapokuwa katika hali hiyo, hotuba, maswali na nasaha havimfikii. Humfikia sauti ya chini, mwendo wa pole, mdundo unaojirudia, na uso usiotisha, na hivyo vyote hupatikana katika mchezo kuliko katika mazungumzo. Zaidi ya hayo, mtoto mdogo hana bado maneno ya kueleza yaliyompata. Alichonacho ni mwanasesere, mchanga na kalamu za rangi.

Kabla ya kufungua sanduku la vichezeo

Swali la kwanza ni la usalama. Ikiwa mtoto bado anaishi na mtu anayemdhuru, tiba ya michezo si kazi ya kuanza nayo. Kazi ya kuanza nayo ni ulinzi. Kumfundisha mtoto kulegeza tahadhari zake na kisha kumrudisha katika nyumba ambayo tahadhari hizo ndizo zinazomwokoa ni kumfanyia ubaya.

Swali la pili ni mlezi yupi ataingia chumbani. Anaweza kuwa mama, baba, bibi, shangazi, au mzazi wa kambo. Anachohitaji si cheo, bali ni kuwapo kila wiki, kutokuwa yeye ndiye mdhuru, na kuwa tayari kujifunza. Mlezi asiyejua kama mtoto atabaki naye baada ya mwezi mmoja anaweza kushiriki, lakini mtoto aambiwe ukweli huo kwa maneno anayoyaelewa badala ya kuahidiwa umilele.

Kisha kaa na mlezi peke yake, vikao viwili au vitatu, bila mtoto. Waanzao kazi hii huona kikao hiki kuwa ni cha kujaza fomu, na hapo ndipo wengi hukosea. Mlezi huja na aibu, na mara nyingi huja na jeraha lake mwenyewe: ama alikuwepo tukio lilipotokea, ama yeye naye alilelewa kwa kipigo na kimya. Selma Fraiberg na wenzake walieleza mwaka 1975 jinsi mzazi asiyekumbuka uchungu wa utoto wake anavyoweza kumrudishia mwanawe uchungu uleule, na jinsi anayeukumbuka na kuulilia anavyoanza kusikia kilio cha mtoto aliye mbele yake. Muulize, bila haraka: ulipokuwa mdogo na ukaumia, ulimkimbilia nani? Akijibu kwamba hakuwa na mtu, usikimbilie kumpa mbinu za malezi. Kaa naye hapo kwanza. Na ikiwa anapata jinamizi, anakunywa ili apate usingizi, au anaganda mtoto anapolia, mtafutie msaada wake mwenyewe sambamba na tiba ya mtoto.

Mwisho, watazame wakicheza. Kuna njia ya upimaji iliyoanzishwa na Marianne Marschak, ambapo mzazi na mtoto hupewa kazi fupi fupi huku mtaalamu akiangalia pembeni au kwa njia ya video: mfundishe mtoto jambo asilolijua, lishaneni, toka nje ya chumba kwa dakika moja urudi. Dakika ile moja husema mengi. Je, mtoto anaulizia mlezi alikokwenda, anafuata mlangoni, au anaendelea kupanga vitu kana kwamba hakuna aliyeondoka? Je, mlezi anaaga, au anatoka kimyakimya? Na anaporudi, nani anamtazama nani kwanza? Andika ulichokiona, usiandike hukumu yako: “alirudi, mtoto hakuinua macho” ni kumbukumbu inayofaa, “mtoto hampendi mama” si kumbukumbu.

Chumba, vitu na saa

Hapahitajiki chumba cha kifahari. Panahitajika pahali palepale, siku ileile, saa ileile, kwa sababu kwa mtoto ambaye ulimwengu ulimgeuka ghafla, kule kujirudia ni sehemu ya dawa. Vichezeo viwe vya aina tatu. Vya kwanza ni vya maisha ya nyumbani na malezi: familia ya wanasesere, nyumba ndogo, vyombo vya kupikia, chupa ya mtoto mchanga, bandeji, kifaa cha daktari, simu, magari. Vya pili vinampa mtoto nafasi ya kutoa hasira na woga: mnyama mkali wa plastiki, askari, kamba, mto wa kupiga. Vya tatu ni vya kubuni: kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga, vikaragosi vya mkononi, sanduku la mchanga. Epuka vichezeo vya betri vinavyojicheza vyenyewe, na epuka mashindano ya kompyuta. Kichezeo kizuri ni kile kisichofanya lolote mpaka mtoto akiambie.

Ikiwa mlezi ataendesha vipindi nyumbani, vichezeo hivyo vitengwe ndani ya sanduku lisilofunguliwa wakati mwingine wowote. Utaratibu huu ulianzishwa na Bernard na Louise Guerney nchini Marekani katika miaka ya 1960, walipoanza kuwafundisha wazazi wenyewe kuendesha vipindi vya mchezo badala ya kumwachia mtaalamu. Baadaye Garry Landreth aliufupisha ukawa mafunzo ya vikao kumi kwa kundi la wazazi, huku kila mzazi akicheza na mtoto mmoja tu, nusu saa kwa wiki. Nusu saa inaonekana ndogo. Mzazi anayeijaribu hugundua kwamba kumtazama mtoto kwa dakika 30 bila kumfundisha, bila kumkosoa na bila kushika simu ni kazi inayotoa jasho.

Siku ya kwanza, mweleze mtoto kwa nini mko hapo. Watu wazima hupenda kuliruka jambo hili kwa kudhani wanamlinda, lakini mtoto asiyeelezwa hujitungia maelezo, na katika maelezo anayojitungia mara nyingi yeye ndiye mwenye kosa. Maneno machache yanatosha: “Uliona baba akimpiga mama. Ilitisha sana. Tangu wakati ule hulali vizuri na unakasirika haraka. Hapa ni mahali pa kucheza, na mama atakuwa nawe, na taratibu tutaelewa yale mambo mazito.” Yasemwe na mlezi mwenyewe ikiwezekana, baada ya kuyafanyia mazoezi, kwa sababu mtoto anahitaji kujua kwamba mlezi anaweza kulitaja tukio bila kusambaratika.

Mtoto anapoongoza

Katika sehemu hii ya tiba, mtoto huchagua na mtu mzima hufuata. Misingi yake iliwekwa na Virginia Axline katika miaka ya 1940: kumpokea mtoto alivyo, kutomharakisha, kutambua hisia zake na kumrudishia kwa namna ambayo ataziona. Mlezi huketi chini, usawa wa mtoto, mwili ukiwa umemwelekea, na husema anachokiona kwa sauti ya kawaida: “Unaupanga ule mstari kwa uangalifu.” “Yule simba ana hasira sana.” Hataji jina la kitu kabla mtoto hajakitaja, kwa maana kile kinachoonekana kuwa gari kinaweza kuwa jeneza. Haulizi maswali ya kwa nini. Hasifu kwa maneno ya “hodari, mchoro mzuri”, kwani mtoto aliyezoea kusoma nyuso za watu ili ajue kama yuko salama ataanza kuchora kwa ajili ya sifa; badala yake mlezi husema, “Umeimaliza mwenyewe.”

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka mitano aliyeokolewa katika nyumba iliyoungua usiku, baba yake akiwa safarini. Katika kipindi cha tatu anamlaza mwanasesere ndani ya nyumba ndogo, anafunika paa kwa kitambaa chekundu, kisha anakaa kimya. Baba anasema, “Amelala. Juu kumefunikwa na chekundu.” Mtoto anasema, “Hawezi kutoka.” Hapo kila mzazi hutamani kusema, “Lakini wewe ulitoka, mwanangu, na sasa uko salama.” Baba huyu ameandaliwa kuimeza sentensi hiyo. Anasema, “Hawezi kutoka. Yuko peke yake humo ndani.” Mtoto anamtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze, anamkabidhi mwanasesere wa kiume, anasema, “Wewe ni baba. Umechelewa.” Baba hajitetei wala haelezi habari za safari. Ananong'ona, kwa sauti ya nje ya mchezo, “Nifanye nini sasa?” Naye anajibiwa, “Gonga mlango.” Anagonga, haufunguliwi. Wiki inayofuata anagonga tena, haufunguliwi. Mtaalamu aliyekaa pembeni hasemi neno, ila baada ya kipindi humwambia baba kwamba kugonga kule ndiyo tiba yenyewe.

Ule mnong'ono ni mbinu ya kutunza. Unapopewa nafasi ya kuigiza, uliza pembeni kwa sauti ya chini jinsi mtoto anavyotaka uigize, ndipo uigize hivyo. Usimpe mhusika wako tabia uliyoibuni wewe, na hasa usimfanye mwovu kuwa mkali kuliko mtoto alivyoagiza.

Mtu mzima anapoongoza

Si kila mtoto anaweza kuanza kwa kuongoza. Mtoto aliyekuwa akijilea mwenyewe, akipika na kuwalinda wadogo zake akiwa na miaka saba, hugeuza kipindi cha kuongoza kuwa utawala: huamuru, hupanga, hakubali kupokea kitu. Mwingine aliyepuuzwa tangu uchanga hajui kucheza kabisa, huzunguka chumba akigusa hiki na kuacha kile. Kwa hawa kuna njia iliyoanzia Chicago mwishoni mwa miaka ya 1960, mikononi mwa Ann Jernberg na baadaye Phyllis Booth, inayojulikana kwa jina la Theraplay. Haina vichezeo vingi. Mtu mzima ndiye anayepanga na kuongoza michezo midogo ya uso kwa uso, inayofanana na ile ambayo mama hucheza na mtoto mchanga, kwa sababu hiyo ndiyo hatua ambayo mtoto huyu aliikosa.

Michezo hiyo hupangwa kwa mambo manne. Utaratibu humwambia mtoto kwamba kuna mtu mzima anayeongoza na hahitaji kuongoza yeye: kurushiana mpira laini mpaka litajwe neno lililokubaliwa, kupandanisha mikono juu ya mikono kwa zamu. Ushirikishwaji humtoa alikojificha: kuangaliana na kuigana sura za uso, kupuliza mapovu na kuyapasua kwa kidole kilichotajwa. Utunzaji humrudishia alichokosa: kuhesabu madoa na mikwaruzo mikononi mwake na kupaka mafuta kando ya kila kidonda, kumlisha kipande cha tunda, kumwimbia wimbo wenye jina lake. Changamoto humpa ujasiri kwa kiwango anachokiweza: kupuliza pamba kwenda na kurudi kati ya viganja viwili, kulipasua kwa ngumi moja gazeti ulilomshikia.

Chagua kwa kumtazama mtoto, si kwa kupenda kwako. Anayetaka kutawala anahitaji zaidi utaratibu na utunzaji, ingawa utunzaji ndio atakaoukataa kwanza. Umpitishie katika mchezo, ukipima urefu wa mkono wake kwa utepe huku ukitangaza vipimo kama habari kubwa. Anayejificha anahitaji ushirikishwaji, lakini kwa dozi ndogo, na macho yako yasimkodolee. Shughuli ziwe fupi, saba au nane katika nusu saa, zikianza na kuisha kwa namna ileile kila mara.

Kuhusu kugusa, tahadhari ni kubwa. Mtoto aliyedhulumiwa kingono au kupigwa amefundishwa kwamba mwili wake si wake. Omba ruhusa kwa maneno kabla ya kila mguso, mwonyeshe ishara ya kusimamisha mchezo, na usimame papo hapo anapoitumia, hata kama unadhani anatania. Mguso ufanywe na mlezi zaidi ya mtaalamu, uishie mikononi, miguuni na usoni, na mara nyingi unyoya au brashi laini hufaa kuliko kiganja. Tazama mwili na usisikilize mdomo tu: mtoto anaweza kusema ndiyo huku mabega yamekakamaa na pumzi imekatika. Jibu lake la kweli ni lile la mabega.

Mipaka

Kumfuata mtoto si kumwachia kila kitu. Mtoto aliyeona watu wazima wakishindwa kujizuia anahitaji kuona mtu mzima anayeweza kumzuia bila kumuumiza. Mipaka iwe michache: kutojiumiza, kutomwumiza mwingine, kutoharibu chumba, kutoondoka kabla ya muda. Haina haja ya kutangazwa yote mwanzoni; husemwa pale inapohitajika, na husemwa kwa hatua tatu. Kwanza taja hisia, pili taja mpaka, tatu onyesha njia nyingine: “Umekasirika, unatamani kunipiga. Mimi si wa kupigwa. Ule mto unaweza kuupiga.” Sauti isipande. Akirudia, rudia maneno yaleyale. Akiendelea, mpe uchaguzi ulio wazi kuhusu kichezeo au shughuli husika, kisha utekeleze bila kuongeza hotuba.

Kumaliza kipindi nako ni mpaka. Toa taarifa dakika tano kabla, tena dakika moja kabla, kisha simama.

Mchezo unapokwama

Mwaka 1976 watoto 26 wa shule waliokuwa ndani ya basi mjini Chowchilla, California, walitekwa pamoja na dereva wao na kufukiwa ardhini ndani ya trela la lori, kabla ya kufanikiwa kujitoa. Daktari Lenore Terr aliwafuatilia baadaye, akaeleza aina ya mchezo ambayo hufanana na mchezo kwa nje tu: mtoto huigiza tukio lilelile, kwa mpangilio uleule, bila furaha, bila nafuu, na mwisho wake haubadiliki. Kutofautisha mchezo huo na mchezo unaoponya ndio ujuzi mkubwa kuliko wote katika kazi hii.

Mchezo unaoponya hujirudia pia, lakini husogea. Anatokea mtu wa kusaidia ambaye hakuwepo wiki iliyopita. Gari la wagonjwa linawasili. Mlango uliogongwa vipindi vitatu unafunguliwa kidogo. Mtoto hupumua kwa kina, hutazama mlezi, hubadilisha mhusika. Mchezo uliokwama humwacha mtoto akiwa amechoka au amechangamka kupita kiasi, na nyumbani usiku huo mambo huwa mabaya zaidi. Ukiona hivyo kwa vipindi kadhaa, usiendelee kutazama tu. Leta mwili kwanza: simamisha kidogo, pumueni pamoja kwa kupuliza mapovu, kanyageni sakafu. Kisha ingiza pendekezo dogo kupitia mhusika: “Yule bibi jirani amesikia kelele. Je, anaruhusiwa kuja?” Mtoto akikataa, kataeni pamoja, ujaribu tena siku nyingine. Lengo si kulazimisha mwisho mwema, bali ni kuingiza humo mtu mwingine, ili tukio lisiendelee kuwa mahali ambapo mtoto yuko peke yake.

Inaweza kutokea kwamba mtoto, katikati ya mchezo, anafichua dhuluma ambayo hakuna aliyeijua. Tulia. Mwambie umemsikia na kwamba si kosa lake. Usimhoji kwa maswali yanayobeba jibu ndani yake, wala usiahidi kutunza siri. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, na ufuate taratibu za kisheria za ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo. Kumbuka vilevile kwamba mchezo peke yake si ushahidi: mwanasesere aliyevuliwa nguo hamtaji mkosaji.

Njia za kukataa

Kwa kuwa neno muunganiko lina mvuto, limetumiwa pia kuhalalisha ukatili. Zipo njia zinazojiita tiba ya muunganiko ambazo humshikilia mtoto kwa nguvu mpaka akubali, humlazimisha kutazama macho, humnyima chakula, au humfunga katika mablanketi ili eti azaliwe upya. Mwaka 2000, jimboni Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikosa hewa akafa katika kikao cha namna hiyo, na waliokiendesha wakafungwa jela. Mwaka uliofuata jimbo hilo likakipiga marufuku kitendo hicho kwa sheria. Mlezi akikuuliza kuhusu njia hizo, mjibu bila kuzunguka: muunganiko haujengwi kwa kumshinda mtoto nguvu, na anayelia mpaka akanyamaza mikononi mwa aliyembana hajatulia, ameganda.

Mlezi anapokosea

Atakosea. Atacheka mahali pasipofaa, atapayuka jumanne jioni baada ya kipindi kizuri cha asubuhi. Utafiti wa Edward Tronick, aliyewachunguza akina mama na watoto wachanga uso kwa uso tangu miaka ya 1970, ulionyesha kwamba hata katika uhusiano wenye afya mzazi na mtoto hupatana kwa takriban theluthi moja tu ya muda. Muda uliobaki huupitisha katika kupotezana na kutafutana tena. Kwa hiyo mfundishe mlezi kurekebisha, na umfundishe kwa maneno mahususi: “Nilikupigia kelele. Uliogopa. Kosa lilikuwa langu, si lako. Niko hapa.” Basi, bila “lakini na wewe pia”. Kwa mtoto ambaye aliyemuumiza hakuwahi kurudi kuomba radhi, tukio hilo dogo linaweza kuwa zito kuliko vipindi vitano vya vichezeo. Panga dakika 15 na mlezi baada ya kila kipindi, au kwa simu katikati ya wiki, ili aseme aliyokosea kabla hajaanza kuyaficha.

Kupima na kuaga

Usishangae tabia ikizidi kuwa mbaya katika wiki za mwanzo; mtoto anaposadiki kwamba mipaka itashika, huijaribu. Dalili njema mara nyingi huwa ndogo, na mlezi huzipita asipoelekezwa: ameanguka akaja kuonyesha goti badala ya kulificha, amelala usiku mzima mara mbili kwa wiki, amesema “naogopa” badala ya kurusha kikombe, ameomba msaada wa kufunga kamba za viatu ambao hauhitaji. Hiyo ya mwisho si uvivu. Ni mtoto anayejaribu kulelewa.

Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili bila kuchelewa ikiwa anazungumzia kufa au kujiua, anajiumiza, anakataa kula, anapoteza fahamu za mahali alipo mara kwa mara, au anawaumiza wengine vibaya. Kwa mtoto mwenye dalili nzito za kiwewe, hasa aliyekwisha kuwa na maneno ya kusimulia, tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani ile inayoshughulikia fikra na mienendo iliyoachwa na tukio, ina ushahidi mwingi, na inaweza kwenda pamoja na kazi hii.

Tiba inapokaribia mwisho, mtangazie mtoto mapema, vipindi vinne kabla. Wengi wa watoto hawa walipoteza watu bila kuaga, na kumaliza ghafla ni kulifanya jeraha lilelile kwa mikono mipole. Tengenezeni mnyororo wa karatasi wenye pete nne, ambao mtoto atakata pete moja kila wiki. Ruhusu hasira; wengine hurudia tabia za mwanzo, na wengine hudai kwamba hawakuwahi kupapenda mahali hapo. Katika kipindi cha mwisho mtaalamu asogeze kiti chake nyuma zaidi ya kawaida, mlezi aendeshe michezo yote, na sanduku la vichezeo lirudi nyumbani pamoja nao, likiwa na siku na saa ya kipindi kijacho iliyoandikwa juu ya kifuniko na mtoto mwenyewe.